Kutoboa Mfupa Bila Kuuchoma: Mwongozo kwa Timu ya Thieta

Skrubu iliyokaza vizuri siku ya upasuaji inaweza kulegea wiki chache baadaye, na mgonjwa hakuanguka, kidonda hakina usaha, na eksirei ya kwanza ilionekana safi kabisa. Mara nyingi chanzo ni zile sekunde chache ambazo biti ya drili ilikuwa ndani ya mfupa. Ukuta wa tundu ulipata joto kupita kiasi, seli zake zikafa, kisha mwili ukaanza kuumumunya mfupa mfu, ule ule ulioshikilia skrubu. Anayelipa ni mgonjwa, kwa maumivu na pengine upasuaji wa pili, na jambo lenyewe linazuilika kwa vitu vilivyomo thieta tayari.

Mwongozo huu ni wa daktari anayeshika drili, msaidizi anayemwaga maji, na muuguzi anayeandaa seti. Wote watatu wana sehemu yao, na mmoja akiteleza mfupa unaungua.

Kiasi gani cha joto kinaua mfupa

Kipimo kinachotumika duniani kote kinatokana na kazi ya Eriksson na Albrektsson wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1983 na 1984. Waliuchunguza mfupa hai wa sungura wakaona kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuuharibu, ilhali nyuzi 44 kwa muda huo huo hazikuleta madhara ya maana. Mwili wenyewe uko kwenye nyuzi 37. Kwa hiyo nafasi uliyo nayo kabla ya madhara ni nyuzi 10 tu.

Joto na muda huenda pamoja. Kanuni inayotumiwa kukadiria madhara ya joto kwa tishu inasema kwamba, ukishapita nyuzi 43, kila nyuzi 1 inayoongezeka hupunguza kwa nusu muda unaohitajika kufikia madhara yale yale. Piga hesabu: kama nyuzi 47 zinahitaji dakika 1, nyuzi 50 zinahitaji sekunde 7 na nusu, na nyuzi 53 hazihitaji hata sekunde 1 kamili. Ni makadirio, lakini yanaonyesha kwa nini "nimetoboa haraka tu" si kinga ikiwa biti ni butu.

Kundi hilo hilo la Sweden lilipima pia joto wakati wa kutoboa mifupa ya wanyama na ya wagonjwa, nusu milimita kutoka ukingo wa tundu, huku maji ya chumvi yakimwagwa. Kwa sungura joto lilifika takriban nyuzi 40, kwa mbwa 56, na kwa binadamu 89. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa unene wa kotesi, yaani ganda gumu la nje la mfupa: kwa sungura milimita 1 na nusu hivi, kwa binadamu zaidi ya 6. Daktari aliyezoea kutoboa mifupa midogo ya mkono, siku anapoingia kwenye paja la kijana mwenye mfupa mnene, yuko kwenye kazi nyingine kabisa ingawa drili ni ile ile.

Joto linatoka wapi

Karibu nguvu yote ambayo drili inapeleka kwenye biti huishia kuwa joto. Sehemu yake hutokea pale makali yanapoupasua mfupa, sehemu hutokana na mgongo wa makali unaosuguana na mfupa uliokwisha kukatwa, na sehemu hutokana na chenga zinazobanwa kati ya mifereji ya biti na ukuta wa tundu. Ile ya kwanza huwezi kuikwepa, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mbili zilizobaki ni msuguano mtupu, na hizo ndizo unazoweza kuzipunguza.

Mfupa haupitishi joto vizuri. Chuma cha pua hupitisha joto mara nyingi zaidi kuliko kotesi. Kwa hiyo joto likishazaliwa halisambai, linabaki pale pale kwenye ukuta wa tundu, mahali meno ya skrubu yatakapouma. Kila hatua inayofuata ina lengo moja: biti ikate badala ya kusugua, na ikae ndani ya mfupa kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Hatua ya 1: Kagua biti kabla mgonjwa hajalazwa

Kama una nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, rekebisha hili. Biti butu huvuruga kila kitu kinachofuata: inahitaji nguvu zaidi, inakaa ndani muda mrefu, inasaga mfupa kuwa unga badala ya kukata chenga, na inapofika upande wa pili hupenya ghafla na kuingia kwenye misuli, mishipa au neva.

Shika biti chini ya taa kali na uigeuze polepole, ukitumia lenzi ya kukuza mara 10 ikiwa ipo. Makali yaliyo hai hayarudishi mwanga, kwa sababu ni mstari mwembamba mno. Makali yaliyolika huonyesha uzi mweupe unaong'aa, hasa kwenye pembe za nje ambako kasi ya mzunguko ni kubwa zaidi. Ukiona uzi huo, au kijino kilichomeguka, au ncha iliyopinda, biti hiyo itoke kwenye seti. Isirudishwe "kwa dharura", kwa maana dharura ndiyo siku ambayo hakuna atakayekuwa na muda wa kuikagua tena.

Kisha izungushe juu ya kitu bapa kama sahani ya chuma. Ikiyumba, imepinda. Biti iliyopinda hutoboa tundu pana kuliko kipimo chake na huusugua ukuta muda wote.

Biti zinazotumika mara nyingi ziwekewe kadi ya kuhesabu matundu. Idadi ya juu hutegemea mtengenezaji na ugumu wa mifupa mnayotoboa, kwa hiyo fuata maelekezo yake, na biti zilizoandikwa za matumizi ya mara moja zitumike mara moja. Pamoja na kadi, kuna kipimo rahisi cha papo hapo: ikiwa kotesi ya kwanza inachukua muda mara mbili ya ule uliouzoea kwenye mfupa wa aina hiyo, badilisha biti. Usimalizie tundu hilo kwanza. Badilisha pale pale.

Jambo lingine linaloua makali mapema ni chuma kugusana na chuma. Biti ikilalia ukingo wa tundu la pleti, yaani bamba la chuma linalofungwa kwenye mfupa kwa skrubu, au ikikwaruza ndani ya bomba la kuongozea, makali yanaondoka ndani ya sekunde, na vumbi la chuma linabaki kwenye jeraha. Biti iliyogonga pleti ihesabiwe kuwa butu hadi ikaguliwe. Vivyo hivyo, wakati wa kuosha na kutakasa, biti zisitupwe kwenye beseni moja na koleo na nyundo. Kila moja ikae kwenye tundu lake la rafu.

Vipimo navyo viandaliwe mapema, kwa sababu tundu dogo kuliko inavyotakiwa huhamishia msuguano kwenye skrubu. Kwa seti za kawaida: skrubu ya kotesi ya milimita 2.7 hutobolewa kwa biti ya 2.0, ya 3.5 kwa biti ya 2.5, ya 4.5 kwa biti ya 3.2. Skrubu za kufunga kwenye pleti hutaka tundu kubwa kidogo: ya 3.5 hutumia biti ya 2.8, na ya 5.0 hutumia biti ya 4.3.

Hatua ya 2: Kasi ya drili

Wengi huamini kwamba kasi ndogo ni salama na kasi kubwa ni hatari. Ukweli una sura zaidi ya moja. Mathews na Hirsch, katika vipimo vyao vya mwaka 1972 kwenye kotesi ya binadamu, waliona kwamba nguvu ya kusukuma ina uzito zaidi kuliko kasi: walipoongeza msukumo, joto la juu kabisa lilishuka na muda wake ukafupika. Kwa kazi ya kawaida ya skrubu, mizunguko kati ya 800 na 1,200 kwa dakika inafaa. Chini sana ya hapo biti hukwama na kutetemeka. Juu sana, mkono wa kawaida hauwezi kusukuma kwa kasi inayolingana, na makali huanza kuteleza juu ya mfupa.

Hesabu fupi inaliweka wazi. Chukua kotesi ya milimita 6 na drili ya mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukiipita kwa sekunde 6 za kukata, biti imezunguka mara 100, na kila mzunguko umekata milimita 0.06. Ukiipita kwa sekunde 30 kwa kuwa unagusa tu kwa woga, imezunguka mara 500 na kila mzunguko umekata milimita 0.012. Hapo hakuna chenga inayokatwa tena, makali yanakwangua tu. Mfupa ule ule umesuguliwa mara tano zaidi.

Kabla ya kuanza hakikisha betri imejaa. Betri inayochoka hupunguza nguvu katikati ya kotesi, biti inakwama, na daktari anabaki akiibonyeza huku ikizunguka kwa kusitasita. Angalia pia kwamba drili iko kwenye mzunguko wa mbele. Kuanza tundu kwa mzunguko wa nyuma ni kosa la mara kwa mara, na dalili yake ni biti isiyosonga na moshi unaotoka haraka. Mwishowe gusa kichwa cha drili baada ya kazi ndefu. Beringi za ndani zilizochakaa hupata moto, na kichwa hicho kikiegemezwa kwenye ukingo wa kidonda huiunguza ngozi.

Hatua ya 3: Maji, na jinsi ya kuyafikisha

Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyo tasa, au Ringer, yaani dripu ya maji yenye chumvi za aina kadhaa. Maji matupu yaliyochujwa yasitumike, kwa kuwa huzipasua seli.

Wingi ndio unaopoza. Katika vipimo vile vya mwaka 1972, maji ya mililita 500 kwa dakika au zaidi yaliweza kulishikilia joto chini ya nyuzi 50. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sirinji ya mililita 50 inatakiwa kumalizika kwa sekunde 6. Yule msaidizi anayedondosha matone huku akiangalia skrini ya eksirei hapozi chochote. Mrija wa kawaida wa dripu uliotundikwa haufikii kiasi hicho pia, labda mfuko ukandamizwe au mrija uwe mpana.

Mpango unaofanya kazi ni huu: sirinji tatu za mililita 50, zikiwa zimejaa kabla drili haijawashwa. Msaidizi anamwaga moja, muuguzi anajaza iliyotoka. Maji yaanze kabla biti haijagusa mfupa, yaendelee muda wote wa kutoboa, na yasikome drili inapozimwa. Osha tundu kwa sekunde 10 nyingine, kwa sababu joto lililo kwenye ukuta bado lipo. Mrija wa kufyonza ukae sehemu ya chini ya kidonda, mbali na tundu, usije ukanywa maji kabla hayajafanya kazi. Wote wavae miwani, maana maji haya hurushwa na biti yakiwa na damu.

Elekeza mkondo pale biti inapoingia kwenye mfupa. Hapa ndipo bomba la kuongozea linapoleta shida: likikaa limebana juu ya mfupa, maji hugonga nje ya bomba na ncha inabaki kavu. Ikiwa bomba lina dirisha pembeni, mwaga kupitia dirisha. Ikiwa halina, litumie kuanzisha tundu kwa usahihi, kisha linyanyue milimita chache ili maji yapite chini yake, mradi bado linaikinga misuli na neva.

Maji baridi ya friji husaidia kidogo. Lakini wingi unashinda ubaridi, na lita kadhaa za maji baridi kwenye kidonda kikubwa humshusha mgonjwa joto la mwili. Maji ya joto la chumba yakitiririka vizuri yanatosha.

Hatua ya 4: Anza tundu bila kuteleza

Weka ncha wima juu ya mfupa, hata kama tundu litatakiwa kuwa la mshazari. Zungusha kwa msukumo mwepesi mpaka kishimo kishike, kisha ndipo ugeuze pembe polepole. Ukianza kwa mshazari, ncha huteleza juu ya utando wa mfupa ikiuchana na kuupasha moto, na biti huzoea kupinda. Mara kishimo kinaposhika, msukumo wa kweli uanze.

Hatua ya 5: Sukuma kwa uthabiti, chomoa mara kwa mara

Hiki ndicho kiini cha ufundi wote, na mikono mingi hukosea hapa kwa kuwa inaogopa. Sukuma kwa nguvu thabiti, isiyobadilika, kwenye mstari wa biti. Mkono mmoja ushike drili, mwingine ushike bomba la kuongozea na uegemee mwili wa mgonjwa, ili uweze kujizuia mfupa unapoisha. Usiitikise drili pembeni, maana kila mtikisiko ni ukuta wa tundu unaosagwa.

Baada ya milimita 3 hivi, chomoa biti hadi nje kabisa, ikiwa bado inazunguka mbele. Usiigeuze nyuma wakati wa kuchomoa, kwani chenga zilizo kwenye mifereji husukumwa kurudi chini. Usiisimamishe ikiwa ndani, kwani damu, mafuta ya uboho na unga wa mfupa hugeuka uji mzito unaoibana, na hapo ndipo biti hukatikia ndani. Ikishatoka, zima drili, futa mifereji kwa shashi yenye maji, na umwage maji ndani ya tundu. Kisha rudi.

Kuchomoa na kumwaga maji ni kitendo kimoja. Biti ikiwa inakata, chenga zinapanda kupitia mifereji ile ile ambayo maji yangetakiwa kushukia, kwa hiyo ndani ya tundu refu maji hayafiki kwenye ncha hata yawe mengi namna gani. Yanafika biti inapotoka. Anayetegemea maji peke yake bila kuchomoa amepoza uso wa mfupa tu.

Soma chenga zinazotoka kwenye mifereji. Chenga nyeupe au za waridi, zenye umbo la vipande vilivyojikunja, zinamaanisha biti inakata. Unga laini mkavu unamaanisha msukumo ni mdogo au makali yameisha. Unga wa kahawia, harufu ya kuungua, au moshi hata mwembamba, ni mfupa uliokwisha kuungua.

Kwa matundu makubwa, kuanzia milimita 4 na kuendelea, toboa kwa awamu: kwanza biti ndogo, kisha kubwa. Biti ya pili hukuta katikati pamekwisha kuondolewa, mahali ambapo ncha husukuma tu bila kukata vizuri, na kazi yake inakuwa nyepesi. Kwa tundu la milimita 2.5 awamu mbili hazina faida. Biti kali moja yatosha.

Hatua ya 6: Kotesi ya pili

Ukishapita kotesi ya kwanza, drili hukimbia kwenye uboho. Simama hapo, chomoa, safisha, mwaga maji, kisha rudi kwa ajili ya upande wa pili. Hatua hii hurukwa sana. Biti inayoifikia kotesi ya pili bila kusafishwa imejaa uji wa mfupa, ina moto wa kotesi ya kwanza, na iko mbali na maji. Isitoshe, uso wa ndani wa mfupa ni wa mviringo na unateleza, hivyo ncha hucheza juu yake kabla ya kushika. Ipe msukumo thabiti ishike mara moja, na unaposikia sauti inabadilika kuwa nyembamba, punguza mkono: mfupa unakaribia kuisha.

Toka, osha tundu, pima kina, weka skrubu. Ikiwa skrubu haijikatii njia yenyewe, kata meno ndani ya tundu kwa mkono, ukirudi nyuma nusu mzunguko kila baada ya mizunguko miwili ili chenga zivunjike.

Waya, pini na rima: sheria zinabadilika

Waya za Kirschner, yaani waya ngumu nyembamba za kushikilia mfupa, ni hatari kuliko biti za ukubwa ule ule, kwa sababu hazina mifereji. Mfupa unaochimbwa hauna pa kutokea, unasukumwa pembeni na kusagwa. Tumia waya mpya yenye ncha kamili. Waya iliyokatwa kwa koleo ina ncha iliyobanwa bapa na haifai kuingizwa kwa upande huo. Nenda kwa kasi ndogo, kwa vipindi vifupi, na ikiwa drili ina mzunguko wa kwenda na kurudi, utumie: joto hupungua na waya haizungushi neva wala mshipa. Panga njia kwa eksirei kabla ya kuanza, kwani kila jaribio linalokosewa ni tundu lingine lililopashwa moto. Kwa waya nyembamba za fiksata ya duara, yaani fremu ya pete inayoushikilia mfupa kutoka nje, ishike waya kwa shashi iliyolowa karibu na ngozi, na ikishapita kotesi ya pili acha drili, uimalizie kwa kuigonga kwa nyundo ndogo kupitia misuli.

Pini za Schanz, zile nene zenye meno zinazounganisha mfupa na fremu ya nje, ndizo zinazoacha alama inayosomeka zaidi ya kuungua. Kwa pini ya milimita 5, kwenye diafisi, yaani sehemu ya katikati ya mfupa mrefu, toboa kwanza kwa biti ya 3.5 kupitia kotesi zote mbili, ukipoza, kisha ingiza pini kwa mkono kwa kutumia mpini wa T. Kuipigilia kwa drili moja kwa moja ni kuokoa dakika mbili na kununua miezi ya usaha. Kwenye tibia, mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, epuka ule ukingo wa mbele: ni mfupa mnene mno, biti inakaa ndani yake muda mrefu, na hapo ndipo pete za mfupa mfu hutokea. Ingia upande wa ndani wa ukingo huo, ambako kotesi ni nyembamba na haina misuli juu yake.

Rima za kupanua mfereji wa uboho hupasha moto eneo kubwa, kwa hiyo madhara yake ni makubwa pia: badala ya pete ndogo, unaweza kuua sehemu nzima ya ndani ya diafisi. Pima upana wa mfereji kwenye eksirei siku moja kabla. Panda kwa nusu milimita kila mara, endesha rima kwa mzunguko kamili na mwendo wa polepole, itoe na kuisafisha, na ishia milimita 1 hadi 1.5 juu ya kipenyo cha msumari, yaani fimbo ya chuma itakayokaa ndani ya mfereji. Ukiona mfereji uko chini ya milimita 8 na rima inakwama, usilazimishe. Chagua msumari mwembamba usiohitaji rima, au pleti. Mkanda wa kuzuia damu uwe umefunguliwa. Hauna msaada wowote katika hatua hiyo, na damu inayopita huondoa sehemu ya joto. Kulazimisha rima butu huongeza pia shinikizo ndani ya mfereji na kusukuma mafuta ya uboho kuelekea mapafuni.

Kwa vichwa vya kusaga vinavyozunguka makumi ya maelfu kwa dakika, hasa karibu na uti wa mgongo, maji yasikome hata sekunde moja. Kichwa cha almasi hupasha moto kuliko cha chuma chenye makali, kwa kuwa kinasaga tu. Gusa na uachie. Usikitulize mahali pamoja.

Na mfupa mgumu kupita kawaida, kama wa osteopetrosisi, ugonjwa unaoufanya mfupa kuwa mnene mno, unataka maandalizi yake: biti mpya kadhaa kwa kila kipimo, kuchomoa kila milimita 1 au 2, mapumziko ya kupoza, na saa ya ziada kwenye ratiba.

Ukishauunguza

Moshi ukitoka, toa biti, mwaga maji kwa nusu dakika, na utupe biti hiyo nje ya seti. Ikiwa pleti ina tundu lingine linalofaa, lihamie. Ikiwa ni pini, hama sehemu nyingine, kwa sababu pini inatoka nje ya ngozi na mfupa mfu unaougusa ulimwengu wa nje huambukizwa. Ikiwa huna pa kuhamia, panua tundu kwa biti mpya ya kipimo kinachofuata, ukipoza vizuri, utumie skrubu nene zaidi. Andika kwenye ripoti ya upasuaji ni tundu lipi, ili atakayesoma eksirei ya wiki ya sita ajue pa kutazama.

Kwenye eksirei za baadaye, tafuta pete nyeupe ya mfupa kuzunguka njia ya pini, nayo ikiwa imezungukwa na kivuli cheusi. Hiyo ni pete ya mfupa mfu uliotengana na ulio hai. Pini huwa imelegea na usaha haukomi. Dawa za kuua bakteria peke yake hazitamaliza, kwa kuwa damu haifiki kwenye kipande hicho. Toa pini, kwangua njia mpaka ukuta uvuje damu, toa pete yote, osha, na hakikisha kwa eksirei nyingine kwamba hakuna kipande kilichobaki.

Zoezi la mezani

Mkono hujifunza haraka unapoona namba. Chukua paja bichi la ng'ombe, kata kipande cha diafisi, kipashe kwenye maji ya nyuzi 37. Toboa tundu la milimita 1 lenye kina cha milimita 3 na uingize waya wa kupimia joto wa aina ya K pamoja na grisi ya kupitisha joto. Tundu la biti ya 2.5 liwe na kitovu kilicho milimita 2.25 kutoka kitovu cha tundu la kipimo; hapo ukuta kati yao unakuwa nusu milimita. Kwa biti ya 3.2, weka milimita 2.6.

Kisha toboa mara nne mahali tofauti: biti kali bila maji, biti kali na sirinji ya sekunde 6, biti kali na maji pamoja na kuchomoa kila milimita 3, na biti butu iliyotolewa kwenye seti ikiwa na maji yote uliyo nayo. Andika joto la juu kabisa na sekunde zilizokaa juu ya 47. Kumbuka kwamba kipimo kinasoma chini ya ukweli, kwa sababu joto hushuka kwa kasi kila unavyosogea kutoka ukutani. Na kwamba kotesi ya ng'ombe ni nene kuliko nyingi za binadamu. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya matundu hayo manne. Rudia zoezi kwa kila msaidizi mpya, akiwa yeye ndiye anayeshika sirinji.